Ruwej hakuvua kikuku: cheo cha mwanamke katika dola la Walunda

Ukifuata reli kutoka Kolwezi kwenda magharibi, mji wa mwisho wa Kongo ni Dilolo. Ng'ambo ya mpaka ni Luau, Angola. Walunda, Wachokwe na Waluena wa pande hizi wana masimulizi mengi yanayotofautiana, lakini yote humrudia mwanamke mmoja, Ruwej, ambaye wengine humwita Lueji.

Kisa chenyewe kinaanza na chungu. Mzee Nkonde alikuwa akisuka mkeka, kando yake pana chungu cha maji ya kulowekea ukindu. Wanawe Chinguli na Chinyama wakaja wamelewa, wakadhani ni tembo la mchikichi. Baba aliposema ni maji tu, wakaona anawanyima, wakampiga. Kabla ya kufa, mzee akampa binti yake lukano, kikuku cha mishipa ya binadamu ambacho ndicho alama ya utawala. Baadaye Ruwej akaolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji kutoka Uluba, akamkabidhi kikuku hicho. Kaka zake hawakuvumilia, wakahama: Chinguli anafungamanishwa na asili ya watawala wa dola la Kasanje huko Angola, Chinyama na ile ya Waluena.

Usomaji uliozoeleka ni mwepesi: mwanamke alishika usukani hadi mwanamume alipofika. Mimi siukubali. Mwanahistoria Joseph Miller alionyesha mwaka 1976 kwamba majina ya namna hii yafaa yasomwe kama vyeo, wala si kama watu waliowahi kupendana. Kwa Walunda, anayerithi cheo hurithi pia jina la mtangulizi wake na undugu wake wote. Ndiyo maana "mama" wa mfalme anaweza kuwa mdogo kwake kwa umri, na hakuna anayecheka.

Tukisoma hivyo, cha kuuliza si nani alivishwa kikuku, bali ni viti gani vilibaki. Vilibaki viwili vya wanawake. Swana Mulunda anakaa mahali pa Ruwej. Lukonkeshia anahesabiwa kuwa mama wa Mwant Yav, mfalme mwenyewe. Mjerumani Paul Pogge alipofika Musumba, makao makuu ya mfalme, mwaka 1875 alimkuta Lukonkeshia ana baraza lake, watumishi wake na vijiji vinavyomlipa ushuru yeye moja kwa moja. Mfalme mpya hakuchaguliwa bila kauli yake. Hakuwa na mume rasmi wa kumwamrisha. Hilo ndilo lililomlinda. Angekuwa mke wa mfalme, cheo kingeingia kaburini pamoja na mfalme.

Sitaki kumpamba. Baraza lilelile liliuza watumwa kwa misafara iliyoelekea pwani ya Angola, na sioni sababu ya kumtoa Lukonkeshia katika hesabu hiyo.

Sasa mlinganishe na mke wa rais wa leo. Bobi Ladawa aliolewa rasmi na Rais Mobutu tarehe 1 Mei 1980, ziara ya Papa ikiwa mlangoni, na kwa miaka 17 jirani wa Ikulu walijua mlango wake una uzito. Mei 1997 Mobutu alikimbia, na uzito ule ukaisha siku hiyohiyo. Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 nayo haikumpa mke wa rais kazi yoyote. Ndiyo maana Denise Nyakeru Tshisekedi anafanya kazi zake kupitia wakfu wenye jina lake. Huo ni ushawishi, lakini ni wa kuazima: hauna mrithi, na hakuna anayeweza kuuhoji kisheria.

Tatizo la utafiti ni kwamba mengi ya tunayojua kuhusu Lukonkeshia yaliandikwa na wanaume wapita njia: Pogge, kisha Mjerumani mwenzake Buchner, kisha Mreno Henrique de Carvalho. Wanafunzi wa historia wa Lubumbashi na Kolwezi waende Kapanga, iliko Musumba, wakaketi na wanawake wa baraza la huko, waulize ushuru uligawanywaje na nani alikataliwa ufalme kwa neno la nani, kabla ya kumnukuu Pogge mara nyingine.