Mtumba, Mercedes na Njia ya Kasongo: Mali ya Ng'ambo katika Maniema ya Kusini

Mtu anayeishi ng'ambo na kutaka kununua gari dogo la kifahari lililokwisha tumika huuliza kwa kawaida maswali matatu: limetembea kilomita ngapi, limepita mikononi mwa watu wangapi, na vipuri vyake vitapatikana wapi. Mzaliwa wa Kasongo au wa Kabambare anayefanya ununuzi huo mjini Brussels ana swali la nne, ambalo muuzaji hawezi kumjibu: gari hilo litafika wapi? Swali hili lina historia ndefu kuliko gari lenyewe. Mali ya kifahari kutoka mbali ilikuwa ikiingia Maniema ya kusini miaka mingi kabla ya gurudumu la kwanza kuonekana huko, nayo ilifika hadi ndani ya nyumba. Makala haya yanachunguza jinsi ilivyofika, nani aliyeibeba, na kwa nini Mercedes ya leo inaishia njiani.

Ni vyema kuanza na neno. Katika Kiswahili cha misafara ya karne ya 19, mtumba ulikuwa furushi la nguo lililokazwa kwa kamba na kubanwa kwa vijiti ili mpagazi alichukue begani. Uzito wa mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ndani ya mtumba mlikuwa na nguo mpya: merekani iliyofumwa kwa pamba huko Marekani, kaniki ya buluu kutoka Bara Hindi, na vitambaa vya hariri kwa ajili ya machifu na wake wa wakubwa. Leo, nchini Tanzania na Kenya, mitumba ni nguo zilizokwisha valiwa, na gari la mtumba ni gari lililokwisha tumika. Maana imehama hatua kwa hatua: kutoka umbo la mzigo, ikaenda kwenye kilichomo, kisha kwenye hali ya kilichomo. Wanyarwanda na Warundi wamepita njia nyingine. Wamechukua kitenzi chagua wakapata caguwa, jina la nguo hizo hizo. Kongoni, penye kivuli cha Kifaransa, husikika okazioni. Kati ya maneno haya matatu, ni mtumba peke yake unaokumbuka bega la mtu.

Njia ya mitumba hiyo ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kutua Mtowa. Kutoka hapo ilipanda magharibi hadi Kabambare, kisha ikateremka Kasongo na Nyangwe kwenye bonde la Lualaba. Kabambare palikuwa kituo cha kupumzikia. David Livingstone, aliyepaandika Bambarre, alikaa huko miezi mingi ya mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu, kabla ya kufika Nyangwe mwezi Machi 1871. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ndiye aliyeifanya Kasongo kuwa makao makuu ya milki yake. Mtaji wake haukuwa fedha taslimu. Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja, alimkopesha bidhaa, na deni lililipwa kwa pembe za ndovu miaka kadhaa baadaye. Kwa maneno mengine, aliyeishi Kasongo alikuwa ananunua ng'ambo kwa mkopo, na mwuzaji wake alikuwa anamwamini mtu aliyekuwa umbali wa miezi mingi ya kutembea.

Matokeo yalionekana siku Kasongo ilipoanguka. Jeshi la Dhanis liliuteka mji tarehe 22 Aprili 1893, likimfukuza Sefu, mwana wa Tippu Tip. Mmoja wa maofisa wake, daktari Mwingereza Sidney Langford Hinde, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1897 mambo waliyoyakuta: magodoro ya hariri na atlasi ambayo hata askari wa kawaida walilalia, vitanda vilivyochongwa, vyandarua, mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo, na bustani ya michungwa. Msomaji atahadhari, kwa sababu mshindi ana faida ya kukuza utajiri wa aliyeshindwa. Hata hivyo orodha yenyewe ni ya vitu vidogo vidogo mno kuwa hadithi tupu. Mtu anayetaka kusifu ushindi wake hana haja ya kubuni viberiti.

Vitu hivyo vyote vilifika juu ya mabega na vichwa. Kioo kilifungwa katika nguo, nguo katika mkeka, mkeka kwenye kamba. Hakuna kilichozidi uwezo wa mtu mmoja, au wa watu wawili wenye mti mabegani. Na njia iliyoleta mshumaa ndiyo iliyorudisha pembe na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia wanawake wakipigwa risasi sokoni Nyangwe na wengine wakizama mtoni. Wapagazi wa mshahara, hasa Wanyamwezi, walikuwapo, lakini upande wa magharibi wa ziwa sehemu kubwa ya mabega yalikuwa ya watu waliotekwa. Hesabu ya bei ya godoro la atlasi la Kasongo haikamiliki mpaka mabega hayo yahesabiwe.

Mali hiyo ilizaa pia jina la watu. Wenyeji waliovaa kanzu, waliosilimu na kusema Kiswahili waliitwa waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana, jina linaloendelea kutumika katika vitabu kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Mzimba, Mbangubangu au Mbuyu aliweza kuingia katika uungwana bila kubadili ukoo. Kilichobadilika ni mavazi, dini, usemi na nyumba. Karibu karne moja baadaye, Kenya na Tanzania zilizopata uhuru zilibuni jina lingine kwa kanuni hiyo hiyo. Wabenzi, wenye Mercedes-Benz, waliwekwa katika ngeli ya watu kana kwamba ni kabila, sawa na Wabemba au Wabembe. Kiambishi kile kile kimefanya kazi ile ile, isipokuwa kwamba uungwana ulikuwa sifa, na ubenzi tangu mwanzo ulikuwa dhihaka. Tofauti hiyo ya hisia inastahili uchunguzi wa peke yake.

Je, chombo cha kusafiria chenyewe kiliwahi kubebwa hivyo? Kiliwahi. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipita Kabambare na kufika bonde la Lualaba na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza na kugawanywa vipande ili wapagazi waichukue. Alikutana na Tippu Tip mwezi Oktoba mwaka huo, na mwezi Novemba akaondoka Nyangwe kuelekea kaskazini. Mashua ile ilifika Maniema kwa sababu iliweza kuwa mizigo. Hapo ndipo motokari inapoachana na historia yote iliyotangulia: chombo hicho hakikubali kuwa mitumba. Kinadai barabara kizima, nayo barabara inadai serikali.

Barabara za Ubelgiji

Ukoloni ulileta kwanza reli. Njia ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika mwishoni mwa 1910, ikiipa Kasongo kituo cha Samba ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Mwaka 1915 njia ya Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, iliunganisha bonde hilo na ziwa. Na kwa kuwa reli ya Kijerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, mlango wa kale wa mashariki ukafunguka tena kwa chuma. Mkataba wa 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji gati zao Dar es Salaam na Kigoma. Barabara zilifuata pamba, ambayo majaribio yake yalianzia Maniema na Sankuru na ambayo kilimo chake kilifanywa cha lazima tangu 1917. Walioilima ndio walioitengeneza barabara, pia kwa lazima. Gari dogo lililopita juu yake lilikuwa la afisa, la mmisionari au la mfanyabiashara Mzungu. Mwenyeji alijua barabara kwa jembe kabla ya kuijua kwa gurudumu.

Kununua Brussels

Baada ya uhuru wa 1960 wanafunzi, wanadiplomasia na wafanyabiashara wa Kikongo walizidi kwenda Ubelgiji. Mtaa wao ndani ya Ixelles ukapata jina Matonge, kutoka mtaa wa Kinshasa. Huko Kilingala ndicho kilichotawala, na watu wa Maniema walikuwa wageni mara mbili. Upande mwingine wa mji, kandokando ya barabara ya Heyvaert, kwenye mpaka wa Anderlecht na Molenbeek, palikua soko la magari yaliyotumika, sehemu kubwa mikononi mwa Walebanoni, likihudumia Afrika ya Magharibi na ya Kati kupitia bandari ya Antwerp. (Jina la Antwerp si geni Kasongo: taasisi ya tiba ya nchi za joto ya mji huo iliendesha huko, kuanzia 1971, mradi wa afya ya msingi uliopata sifa ulimwenguni.)

Mercedes ya aina ya W123, iliyoundwa kati ya 1976 na 1985, ilipendwa kwa sababu zinazoeleweka. Injini yake ya dizeli ilistahimili mafuta mabaya, fundi aliweza kuifungua bila mitambo ya pekee, na vipuri vilipatikana kila penye teksi. Kwa Mbelgiji gari kama hilo lilishuka thamani kila lilipokaribia ukaguzi wa lazima. Gharama ya kulipitisha ilipozidi bei yake, lilikwenda Heyvaert. Kuzeeka kwake Ulaya ndiko kulikoliweka katika uwezo wa mnunuzi wa Kiafrika. Hariri ya Kasongo ilikuwa ghali kwa sababu imetoka mbali. Mercedes ya Heyvaert ilikuwa rahisi kwa sababu ilikuwa inaondoka.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye saa ya kilomita. Kuirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache, na mnunuzi mwenye hekima alitazama mahali pengine: mpira wa pedali ya breki uliolika, kiti cha dereva kilichodidimia, usukani uliong'aa, daftari la huduma lenye mihuri ya gereji moja. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2004, iliyoanza kutekelezwa Desemba 2006, ilimlazimu muuzaji kumpa mnunuzi hati iitwayo Car-Pass inayoonyesha kilomita zilizoandikwa kila gari lilipohudumiwa au kukaguliwa. Kwa wale walionunua kabla ya hapo, jicho na rafiki fundi ndivyo vilivyokuwa hati.

Baada ya malipo, gari lilijazwa. Nguo, magurudumu, jokofu dogo, masufuria, vyote viliingia ndani na ndani ya buti, kisha likapelekwa melini Antwerp. Kwa jicho la mwanaisimu hapa pana jambo la kuvutia: gari la mtumba lenyewe limekuwa mtumba kwa maana ya kale, yaani kifungashio cha mali nyingine. Lilipofika Matadi lilikadiriwa ushuru, nao ukadiriaji ulifanywa mbele ya ndugu aliyekwenda kulipokea, kwa maana mwenyewe alikuwa bado Ulaya. Mahali pa Taria Topan pameshikwa na shemeji au mjomba. Imani ile ile inahitajika, bali sasa deni halilipwi kwa pembe. Hulipwa kwa heshima ya ukoo, na likipotea halina hakimu.

Tangu miaka ya 1990 wafanyabiashara wa mashariki ya Kongo wamezidi kuelekea Dubai, ambako eneo huru la magari lilifunguliwa mwaka 2000 na ambako magari ya Japani hupita kwa wingi. Bidhaa zao hushuka Dar es Salaam na kufuata reli hadi Kigoma, kisha ziwa hadi Kalemie au Uvira: ni njia ya Tippu Tip karibu hatua kwa hatua. Lakini gari la Japani lina usukani kulia, na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo dereva anayetaka kulipita lori humtegemea abiria wake amchungulie mbele.

Mwisho wa safari

Gari lililoshuka Matadi lina kilomita zipatazo 350 hadi Kinshasa, kisha mto hadi Kisangani, kilomita 125 za reli hadi Ubundu, mto tena hadi Kindu, na baada ya hapo Kasongo. Lililotoka Dar es Salaam lina safari fupi zaidi, lakini kati ya ziwa na Kabambare barabara ya udongo wakati wa mvua huyashinda hata malori. Vita vya 1998 hadi 2003 vilizifunga njia zilizokuwa zimebaki, na bidhaa nyingi zikawa zinafika Kindu kwa ndege kutoka Goma na Bukavu. Gari dogo lenye tumbo karibu na ardhi halikuwa na nafasi katika safari hiyo. Hubaki Kinshasa, Bukavu au Kalemie, likiendeshwa na ndugu, au huuzwa huko huko na fedha yake ikatumwa.

Kinachoingia Kasongo ni baiskeli. Mwenye baiskeli haipandi. Huisukuma, akiwa ameongeza mti kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti ili aongoze mzigo akitembea kando yake siku nyingi, kwenda na mafuta ya mawese, kurudi na chumvi, sabuni, vitenge na nguo zilizokwisha valiwa Ulaya. Mzigo wake huzidi mara kadhaa frasila mbili za mpagazi wa kale. Kwenye kilima cha matope hulazimika kuushusha, kuupandisha begani kipande kipande, kisha kurudi kuichukua baiskeli.