Michael Grzimek na Sinema ya Serengeti

Msafiri atokaye Rwamishenye, mjini Bukoba, akishika njia ya kusini ipitayo Muleba, Ziwa Viktoria huwa mkono wake wa kushoto. Kusini ya Muleba, ndani ya ziwa hilo, kipo kisiwa cha Rubondo, ambacho sokwe wake asili yao si hapo. Habari ya kuletwa kwao yaanzia kwa kijana wa Kijerumani, mpiga picha za sinema, aliyekufa kabla wao hawajafika.

Michael Grzimek alizaliwa mwaka wa 1934. Baba yake, Dk. Bernhard Grzimek, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyoharibiwa sana na mabomu ya vita. Wawili hao walikwenda Kongo ya Wabelgiji, na sinema waliyoileta ikatunukiwa Berlin mwaka wa 1956. Faida yake waliitumia Tanganyika.

Wakati huo serikali ya Kiingereza ilikusudia kubadili mipaka ya Serengeti, wala haikujulikana barabara nyumbu huhamia wapi. Baba na mwana walileta eropleni ndogo iliyopakwa rangi kama punda milia, wakajifunza kuirusha wenyewe. Kutoka angani walihesabu wanyama zaidi ya 360,000, wakaona kuwa njia za makundi hayo zavuka mipaka iliyokusudiwa. Tarehe 10 Januari 1959 eropleni iligongana na tumbusi ikaanguka, Michael akafa, umri wake miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba akaikamilisha sinema yao, yenye jina lenye maana ya kwamba Serengeti haitakufa, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka wa 1960.

Yaliyoanzwa na sinema yaliendelezwa na televisheni. Tangu 1956 hadi alipofariki mwaka wa 1987, Bernhard Grzimek alikuwa na kipindi cha wanyama katika televisheni ya Ujerumani ya Magharibi, na watazamaji wakachanga fedha. Kati ya 1966 na 1969, shirika la Frankfurt alilolisimamia lilileta Rubondo sokwe wapatao 16 kutoka Ulaya. Kisiwa kikawa hifadhi ya taifa mwaka wa 1977.

Lakini habari hii ina upande wa pili. Grzimek alishikilia kwamba mbuga ya taifa isikaliwe na watu, hata wenyeji. Mwaka wa 1959 Wamasai walitolewa Serengeti; na katika miaka ya 1960 wakazi wa Rubondo walihamishwa, wakaacha mashamba na mitumbwi yao ikaegeshwa pwani nyingine. Hapana shaka kwamba bila ya kazi ya Michael mengi yasingalijulikana juu ya nyumbu. Lakini hesabu yake ilikuwa ya wanyama. Hesabu ya watu waliohama yafaa nayo iandikwe, kabla kumbukumbu hazijapotea kandokando ya ziwa.