Nani Ana Haki ya Kupanda? Kahawa ya Kilimanjaro na Maendeleo ya Wote

Siku hizi maneno "maendeleo jumuishi" na "ukuaji endelevu" yanasikika katika kila hotuba, kuanzia bungeni hadi kwenye semina za wazee wa kanisa. Ni maneno mazuri, lakini mtu wa kawaida usharikani hajui ayashike wapi. Katika insha hii nayashusha hadi kwenye mti mmoja, mbuni, na mlima mmoja, Kilimanjaro. Hapo sera za serikali, biashara ya dunia na imani yetu vimekutana kwa zaidi ya miaka mia moja, na matokeo yake tunaishi nayo.

Tuanze kwa kusema kweli: si sisi Walutheri tulioleta kahawa mlimani. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na wakati huo wenzao Wakatoliki walikuwa wamekwisha kufungua misheni Kilema. Huko Kilema ndiko mibuni ilikopandwa, nayo miche ikaanza kusambaa kutoka bustani za misheni hadi kwa Wakristo wa kwanza na kwa Wamangi. Jambo la ajabu ni jinsi mti huu mgeni ulivyokubaliwa na kihamba. Mchaga hakufyeka migomba ili apande kahawa. Aliuweka mbuni chini ya mgomba, mgomba chini ya mringaringa na mruka, samadi ya ng'ombe wa zizini ikarudi shambani, na maji yakaja kwa zamu kupitia mifongo iliyochimbwa na mababu. Chakula na fedha vilitoka katika ardhi ile ile, bila udongo kuchoka. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Wazee wetu walikuwa wameutambua zamani bila cheti.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua utawala wa Tanganyika, na hapo likazuka swali ambalo naliona ni kiini cha habari yote: nani ana haki ya kupanda? Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa kuzunguka Moshi na Arusha walitaka Waafrika wazuiwe kulima kahawa. Walisema mashamba ya wenyeji yangeeneza magonjwa na wadudu, na kwamba wizi wa kahawa usingezuilika. Hoja hizo zilikuwa na sura ya kitaalamu. Ila mtu anayevuna kahawa yake mwenyewe haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo, na walowezi walihitaji vibarua.

Nchini Kenya walowezi wenye hoja kama hizo walishinda. Waafrika walizuiwa kulima kahawa ya arabika, kisha katika miaka ya 1930 wakaruhusiwa kwa majaribio madogo katika sehemu chache, kama Meru, Embu na Kisii. Kwa Wakikuyu wengi mlango ulifunguliwa hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati vita vya Mau Mau vikiendelea. Mtu asiseme sera ni mambo ya makaratasi tu. Mlima Kenya na Kilimanjaro vina udongo na mvua vinavyofanana, lakini kizazi kizima upande mmoja kilipata zao la fedha na upande wa pili kikanyimwa.

Kilimanjaro mambo yalikwenda vingine kwa sababu mbili. Kwanza, afisa wa serikali aliyekuwa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachaga walime. Pili, na hii ndiyo kubwa zaidi, Wachaga wenyewe hawakusubiri kuhurumiwa. Mwaka 1925 waliunda Chama cha Wenyeji Wapandaji Kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, na mwenyekiti wake alikuwa Joseph Merinyo wa Old Moshi, mmoja wa vijana waliosomeshwa na misheni. Walowezi walisema mashamba ya Waafrika ni machafu. Chama kikajibu kwa kununua dawa na pampu za kunyunyizia na kufundisha usafi wa mibuni, kisha kikaanza kuwatafutia wanachama soko.

Ninaposoma habari hii nakumbuka shamba la mizabibu la Nabothi katika 1 Wafalme 21. Ahabu hakuanza kwa ukatili. Alimwahidi Nabothi shamba bora zaidi, au fedha kwa thamani yake. Kwa hesabu ya sokoni lilikuwa toleo la haki kabisa. Nabothi alikataa kwa sababu ule ulikuwa urithi wa baba zake, na mwenye urithi ana sauti mbele ya mfalme, wakati kibarua wa mfalme, hata alipwe vizuri, hana. Wachaga wa mwaka 1925 walilielewa hili, nami sidhani ni bahati tu kwamba wengi wa viongozi wao walikuwa wamejifunza kusoma kwa Biblia.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNPA ikapokewa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, chenye vyama vya msingi katika maeneo mbalimbali ya mlima. Mkulima alileta kahawa ya maganda, ikapimwa, akapewa malipo ya awali, na baada ya mauzo akangoja majalio. Fedha hiyo ilijenga shule, ikaezeka nyumba kwa bati, ikalipa ada za watoto ambao baadaye walikuwa walimu, waganga na wachungaji wa nchi nzima. Makanisa mengi ya mawe tunayosalia leo yana kahawa ndani ya kuta zake.

Hata hivyo simulizi hii husimuliwa mno kama wimbo wa ushindi, na mwaka 1937 hurukwa. Serikali ya kikoloni, kupitia Wamangi, ilikuwa imeweka amri kwamba kila Mchaga auze kahawa yake kwa KNCU peke yake. Bei ya dunia ilikuwa imeanguka, meneja wa chama alikuwa Mwingereza, na wakulima wakaona kwamba chombo walichokianzisha wenyewe kimegeuka mkono wa serikali. Walikwenda mahakamani na hawakufanikiwa. Kisha ghasia zikazuka, maghala ya vyama yakavamiwa, askari wakaletwa, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakapelekwa uhamishoni. Wako wanaosema watu wale walikuwa wakaidi wasioelewa faida ya umoja. Mimi nasema walielewa umoja kuliko waliowalazimisha. Mizani ilikuwa ile ile na kahawa ile ile, ila waliondolewa neno lao katika mambo yao wenyewe.

Wakati huo huo, Kidia katika Old Moshi, mmisionari wetu Bruno Gutmann alikuwa akifundisha kwamba Mungu amemuumba mtu ndani ya vifungo vya ukoo, ujirani na rika. Aliogopa kwamba fedha na ubinafsi wa Ulaya vingevikata vifungo hivyo. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulibishana juu yake hadi usiku. Naona aliliona tatizo mapema kuliko wengi: fedha ya kahawa kweli ilileta kesi za mipaka kati ya ndugu na ndugu. Lakini alitazama nyuma mno. Watu waliochimba mifongo kwa zamu ndio hao hao waliounda chama cha kahawa, na kifungo cha kale kilikuwa kimepata kazi mpya.

Kosa la 1937 lilirudiwa na serikali yetu wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Nia ilikuwa njema, labda, lakini mkulima alibaki bila mahali pa kuuliza fedha yake imekwama wapi. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikiwa dhaifu na wenye madeni. Mwaka 1989 mgawo wa mauzo uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa duniani ukavunjika, na katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Wengi waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi, na penye nyanya kivuli hakihitajiki, basi mringaringa nao ukakatwa. Hivyo mkulima alipopoteza sauti, kihamba nacho kilianza kupotea.

Kuna kundi moja ambalo sijalitaja, na halikutajwa vya kutosha hata na wanahistoria. Kwa desturi ya mlimani ndizi ni za mama, kahawa ni ya baba. Mama alipalilia, akachuma, akamenya, akaanika, akabeba gunia. Fedha ikapokewa na mwenye kihamba. Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na kusanyiko lote wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi. Sisi wachungaji huitwa kwenye vikao vya ukoo baada ya mazishi, nasi tunajua ni mara ngapi sheria hiyo, au sura hiyo ya Hesabu, hufunguliwa pale.

Msimu wa kahawa nenda kwenye ghala la chama cha msingi siku ya kupima. Utaona wajane wengi kwenye foleni, wameleta mzigo wenyewe. Mwulize mmoja akuonyeshe kitabu chake cha uanachama. Mara nyingi kina jina la mume, naye amezikwa pale pale kihambani, kando ya mibuni, miaka kumi sasa.