UZI: Barabara moja majina mawili, na ile safari ya "kwenda Kenya"

1. Kila msimu wa siasa lazima usikie "sisi tumewaletea barabara" na pia "nyinyi mnajitenga na Kenya". Hizi hoja mbili zina historia moja. Mimi kama mwanafunzi wa sayansi ya siasa naiona kwenye vile wenyeji wanaita barabara zao. Twende.

2. Nairobi tunasema Mombasa Road. Ukiwa Mombasa, hiyo hiyo ni Nairobi Road, na anayeifuata atakwambia tu anaenda bara. Fika Malindi uone: barabara ya Mombasa huko ni nyingine kabisa, ile inayopitia Kilifi. Serikali imeipa ile ya Nairobi nambari, A8, lakini hakuna makanga anaita abiria wa A8.

3. Yaani barabara inapewa jina la kule inakokupeleka. Mkoloni pia alifanya hivyo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901 iliitwa Reli ya Uganda, kwa sababu Uganda ndiyo Mwingereza alikuwa anaitaka. Sisi wa katikati tulikuwa njia ya kupita.

4. Sasa panda Marsabit au Moyale. Huko ni kawaida mtu anayekuja Nairobi kusema "naenda Kenya". Watu wa huku wakisikia wanacheka, wengine wanakasirika: kwani nyinyi mko wapi?

5. Jibu liko kwenye sheria. Mkoloni aliifunga kaskazini. Kuingia na kutoka kulitaka kibali, na sheria ya 1934 iliwapa maafisa nguvu ya kuamua jamii gani ikae wapi. Desemba 1963, mwezi ule ule wa uhuru, hali ya hatari ikatangazwa huko. Iliondolewa 1991. Aliyezaliwa siku ya uhuru alikuwa anakaribia miaka 28.

6. Pesa nazo zikafuata njia hiyo. Sessional Paper Namba 10 ya 1965 ilisema uwekezaji uende palipo na ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme. Kwa lugha rahisi: aliye na barabara aongezewe. Lami ya Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, ilikuja kukamilika miaka ya 2010. Kabla ya hapo wengi walisafiri siku kadhaa, juu ya malori ya mifugo.

7. Kwa hivyo anayesema "naenda Kenya" anakueleza safari yake vile ilivyokuwa. Kwao serikali ilikuwa kizuizi cha polisi na kibali. Lami, hospitali kubwa na ofisi zilikuwa mwisho wa barabara.

8. Katiba ya 2010 ilikubali hili deni. Kifungu cha 204 kinatenga nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyoachwa nyuma. Muda wake ni miaka 20, kumaanisha unaisha 2030 Bunge lisipouongeza. Mwanasiasa akisimama kwa jukwaa kusema amewaletea barabara, muulizeni kwanza: ile nusu asilimia yetu, imefika ngapi hapa?