Kodi ya Mauzo Marekani: Namna Inavyohesabiwa na Amana Iliyomo



Ndugu aliyezoea kununua Mombasa au Dar es Salaam, akifika Marekani hushangaa kuona bei iliyobandikwa kwenye bidhaa siyo anayolipa. Kwetu kodi huwa imeshaingizwa ndani ya bei; huko huongezwa mwisho, kwenye kaunta. Muuzaji na mnunuzi wote wanahitaji kujua hesabu yake, kwani ni haki za watu.

Nani anatoza

Serikali kuu ya Marekani haina kodi ya mauzo. Hutozwa na majimbo, na juu yake kaunti, miji na mashirika ya usafiri wa umma huweza kuongeza sehemu yao. Majimbo matano hayana kodi hiyo ya jimbo zima: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Hata hivyo, baadhi ya miji ya Alaska hutoza yake.

Mfano wa Houston, Texas

Jimbo la Texas hutoza asilimia 6.25. Nyongeza zote za mahali haziruhusiwi kuzidi asilimia 2. Houston imefika kikomo hicho: asilimia 1 ya jiji na asilimia 1 ya shirika la usafiri, METRO. Jumla ni asilimia 8.25.

Kabla ya kuzidisha, tenga kwanza visivyotozwa. Texas haitozi kodi vyakula vingi vya kupikwa nyumbani, kama mchele, unga, nyama na mboga, wala dawa. Ama soda, peremende na chakula cha moto cha mgahawani, hivyo hutozwa. Nguo na sabuni pia hutozwa.

Tuseme umenunua:

- Mchele: dola 20 (hautozwi)
- Kanzu: dola 40
- Sabuni: dola 12

Kinachotozwa ni dola 52. Zidisha kwa 0.0825, unapata dola 4.29: jimbo dola 3.25, jiji senti 52, METRO senti 52. Utalipa dola 76.29. Duka likikupunguzia bei, kodi huhesabiwa kwenye bei iliyopunguzwa. Ukiagiza kwa intaneti kutoka jimbo jingine, kwa kawaida hutazamwa mahali mzigo unapopelekwa.

Kwa mwenye duka

Hapa ndipo wengi huteleza. Kodi uliyokusanya si faida yako. Sheria ya Texas inaihesabu kuwa ni mali ya jimbo uliyoishikilia tu. Kuinunulia bidhaa kwa nia ya kurudisha baadaye ni kuchezea amana. Anayewasilisha kila mwezi, siku ya mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Akiwahi, huruhusiwa kubaki na nusu ya asilimia moja ya kodi hiyo. Akichelewa hutozwa faini ya asilimia 5 ya kodi, na zikipita siku 30 huwa asilimia 10.

Vilevile, kumtoza mteja kodi ya mchele usiotozwa ni kuchukua mali yake bila ya haki, japo ni senti. Ukigundua kosa, mrudishie.

Na zaka?

Mwenye duka anapohesabu mali ya biashara, aitoe kwanza kodi aliyokusanya na bado hajaiwasilisha, kwani haimiliki. Na mnunuzi asihesabu kodi aliyolipa kuwa ni zaka. Zaka ina nia yake na wanaostahiki wake wanane waliotajwa katika Suwratut-Tawbah, Aayah ya 60.

Viwango hubadilika, hivyo thibitisha kiwango cha mji wako kwa ofisi ya kodi ya jimbo, na soma risiti yako kabla hujaondoka dukani.

Wa Allaahu A'lam.