Kitenzi "Kufufua" katika Njia ya Misafara

Miongoni mwa mazoezi ambayo walimu wa Kiswahili huwapa wanafunzi wao, hakuna lililozoeleka kuliko lile la kutunga sentensi kwa kitenzi walichopewa. Siku moja tulihudhuria somo la namna hiyo katika shule moja ya Lusu, wilayani Nzega, mkoa wa Tabora, na kitenzi chenyewe kilikuwa kufufua. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba serikali ifufue mgodi wa dhahabu uliofungwa. Wa pili aliandika kwamba wazee wafufue ngoma. Wa tatu, kijana mpole aliyeketi nyuma kabisa, aliandika kwamba tufufue misafara ya kale ili Tabora ipate fahari yake tena. Mwalimu alizipa sentensi zote tatu alama ya vema, na kwa upande wa sarufi hakukosea. Lakini mzee mmoja, aliyealikwa siku hiyo kuzungumza juu ya mila, aliomba ruhusa ya kuuliza: misafara ikifufuliwa, nani atakayebeba mzigo?

Darasa lilicheka. Sisi tuliondoka na swali hilo, na ndilo lililotufanya tuandike haya.

Kufufua ni kitenzi chenye masharti. Kilicholala huamshwa, kilichovunjika hutengenezwa, kilichopotea hutafutwa. Kifufuliwacho sharti kiwe kimekufa. Ile fu tunayoisikia katika neno mfu yasikika pia hapa, ikifuatwa na ule mwisho wa -ua unaotengua mambo katika fungua, zibua na kunjua. Tena kitenzi hiki kina ndugu wawili ambao mwandishi hana budi kuwatofautisha. Tukisema jambo limefufuka, tunalifanya kama mbegu iliyoota yenyewe baada ya mvua. Tukisema limefufuliwa, msomaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyelifufua, na kwa faida ya nani.

Basi tuanze na ngoma. Mwaka wa 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na shabaha yake ilikuwa kuyarudishia heshima mambo yetu yaliyodharauliwa na wakoloni. Lakini kudharauliwa si kufa. Sisi tulio watumishi wa serikali tumeliandika neno "kufufua" katika taarifa nyingi, tukisifu ngoma ambazo wenyewe vijijini hawakupata kuziacha hata msimu mmoja. Zilichezwa arusini na wakati wa mavuno, sisi tukiwa hatupo. Huko si kufufua. Ni kuchelewa kufika.

Kufa nako kunahitaji uangalifu. Husemwa kwamba nguvu za Unyanyembe zilikufa mwaka wa 1893. Je, zilikufa zenyewe? Mwezi wa Januari mwaka huo majeshi ya Wajerumani yaliivunja ngome ya Mtemi Isike karibu na Tabora, naye alipoona hana njia akaitia moto baruti yake, asishikwe. Mwanafunzi anayeandika "zilikufa" mahali pa "ziliuawa" amemwachilia muuaji bila kujua.

Misafara pia iliuawa, lakini kwa chuma. Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914, na kazi iliyochukua miezi kwa miguu ikawa safari ya siku chache. Kabla ya hapo njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ambayo Burton na Speke waliikuta ikiitwa Kazeh mwaka wa 1857, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Njia nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria, na ndiyo aliyoifuata Speke mwaka wa 1858. Katika njia hizo zilipita pembe za ndovu, na walipita watumwa waliofungwa shingoni. Hiyo ndiyo biashara aliyoiombea ufufuo yule kijana wa nyuma, kwa kutojua. Kifo chake hatukililii.

Hata hivyo yuko mmoja katika njia ile anayestahili kufufuliwa, naye ni mpagazi. Watu wengi, na walimu wakiwamo, humchanganya na mtumwa. Kwa hakika Wanyamwezi walikuwa wakifanya safari za pwani kwa biashara zao wenyewe, na wengi wao baadaye waliajiriwa kwa hiari, wakipatana ujira wao kwa nguo, wakibeba ratili sitini au sabini kila mmoja, na wakigoma au kuondoka usiku mapatano yalipovunjwa. Mbele yao alikwenda kirangozi, aliyeijua njia na visima vyake. Neno hilo, kirangozi, leo halisikiki ila kwa wazee na katika kamusi.

Mengine ya njia ile hayakufa bali yamebadili mavazi. Posho ilikuwa chakula cha kila siku cha wapagazi na askari. Leo huliwa mikutanoni, na wala haihitaji kutwangwa. Hongo ilikuwa ada iliyolipwa hadharani kwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Sasa hutolewa chini ya meza. Doti ilikuwa kipimo cha nguo za kulipia ada hiyo, na mama zetu bado hununua khanga kwa doti. Mwalimu akitaka kufundisha historia ya Tabora bila kitabu, maneno hayo matatu yatamtosha kwa wiki nzima.

Huko Kwihara, si mbali na mji wa Tabora, iko tembe ambamo Stanley na Livingstone walikaa mwaka wa 1872, na ambamo Livingstone alibaki hadi mwezi wa Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Nyumba ya asili ilianguka, ikajengwa upya katika miaka ya 1950. Tunasema imefufuliwa, na ni sawa. Lakini tazama ni nani aliyefufuliwa pamoja nayo. Mgeni aliyekuwa akingoja anajulikana kwa jina lake. Wale aliowangoja, ambao bila mabega yao asingeweza kwenda hata maili mia, majina yao mengi hayakuandikwa ukutani.

Tuliporudi Lusu baada ya majuma machache, mwalimu alikuwa amewarudishia wanafunzi zoezi lile. Yule wa mgodi alikuwa amebadili sentensi yake: sasa aliuliza kama mgodi hufufuliwa dhahabu yake ikiwa imekwisha kuchimbwa. Kijana wa nyuma alikuwa amekwenda nyumbani kuuliza, akaambiwa kwamba babu wa babu yake alibeba mizigo hadi Bagamoyo mara mbili, na akaambiwa na jina lake. Sentensi yake mpya ilisema: "Mama amelifufua jina la mpagazi wetu kwa kumpa mdogo wangu aliyezaliwa juzi." Yule mzee alikuwapo tena. Aliomba isomwe mara ya pili, kisha akauliza jina lenyewe ni lipi.