Nyimbo Kabla ya Gitaa

Siku niliyomwambia mathe kwamba sirudi chuo, nilikuwa na jina moja tu la kujitetea: Ondara. Nikamwambia kuna kijana wa hapa hapa Nairobi, naye aliacha masomo, na leo Wamarekani wanalipa kiingilio kumsikiliza. Mathe alikuwa anakatakata sukuma wiki. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Na huyo alikuwa na nini mkononi alipoacha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma vichwa vya habari tu: Mkenya, Dylan, Grammy. Basi nikaanza kuitafuta hadithi yote, na hivi ndivyo ilivyo.

J. S. Ondara alikulia Nairobi, kwenye familia isiyokuwa na pesa ya kununua gitaa. Kilichokuwepo ni redio ya betri ya dada yake. Humo ndimo alimowasikia Nirvana na Radiohead, na humo ndimo alimoanza kujifunza Kiingereza cha nyimbo. Akawa anaandika mashairi na kuyabeba kichwani. Hana ala, hana studio, hana mwalimu.

Halafu akapoteza dau. Akiwa sekondari alibishana na mwenzake kuhusu "Knockin' on Heaven's Door". Yeye aliapa ni wimbo wa Guns N' Roses. Wapi! Guns N' Roses waliurudia tu, ukatoka kwenye albamu yao ya 1991. Mwenyewe ni Bob Dylan, aliyeutoa 1973. Ondara akaenda kumtafuta huyo Dylan, akaangukia albamu ya 1963, The Freewheelin' Bob Dylan. Mtu mmoja, gitaa moja, hadithi ndefu: muziki wa folki. Kwa kijana aliyejaa maneno na hana bendi, hiyo ilikuwa kama kuambiwa kumbe mlango haukuwa umefungwa.

Ramani nayo ikamsaidia. Dylan alizaliwa Duluth, jimbo la Minnesota, mwaka 1941, akalelewa Hibbing, na 1959 akajiunga na chuo kikuu pale Minneapolis. Mwaka uliofuata akaacha. (Ndiyo, hata huyo.) Ondara naye alikuwa na shangazi anayeishi Minneapolis. Mwaka 2013 akapata grini kadi kwa bahati nasibu, akapanda ndege.

Hapo kwenye bahati nasibu ndipo nilipokuwa narukia nikimsimulia mathe. Kama umekulia Kenya unaujua ule msimu. Oktoba ilipofika, saiba zilikuwa zinabandika karatasi mlangoni, ulikuwa unapigwa picha mbele ya shuka jeupe, masikio yaonekane, usicheke. Waliojaza fomu duniani walikuwa mamilioni. Viza hazikuzidi 55,000 kwa mwaka. Nimejaza mara tatu. Besti yangu amejaza mara sita. Kwa hivyo tukisema "alifuata ndoto yake", tuongeze basi kwamba ndoto hiyo ilipita kwanza kwenye kompyuta iliyochagua majina bila kujua nani anaimba na nani haimbi.

Lakini kadi haiimbi. Alipofika Minneapolis alianza masomo ya tiba kwa muziki, akaacha. Akashika gitaa na kujifundisha akiwa mtu mzima tayari, kwanza kwa nyimbo za wengine, halafu kwa mashairi yake mwenyewe. Akawa anazunguka kwenye zile kumbi ambazo mtu yeyote anaandikisha jina, anapanda, anaimba nyimbo mbili tatu, anashuka. Polepole redio moja ya hapo, The Current, ikaanza kumcheza. Februari 2019 ikatoka albamu yake ya kwanza, Tales of America, iliyorekodiwa Los Angeles na Mike Viola kama prodyuza. Mwisho wa mwaka huo ikateuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya Americana. Tuzo ikaenda kwa Keb' Mo'.

Kutoka 2013 hadi 2019 ni miaka sita. Vichwa vya habari huikunja miaka hiyo ikawa sentensi moja.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza utafiti. Nikamsimulia mzee mmoja wa mtaani kwetu anayetengeneza redio. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Kijana wangu, alienda mbali hivyo kutafuta mtu na gitaa? Wewe hujamsikia Mukabi?"

Sikuwa nimemsikia. George Mukabi, mtu wa Kisa, magharibi mwa Kenya, alikuwa bingwa wa omutibo: gitaa la kudonoa kwa vidole, na pembeni mtu anagonga chupa ya soda kushika mdundo. Alitunga nyimbo zenye visa na mawaidha, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. Alifariki 1963, mwaka ule ule ilipotoka albamu iliyombadilisha Ondara.

Simlaumu Ondara. Hata mimi nilimjua Dylan miaka mingi kabla ya kumjua Mukabi, na Mukabi anaimba lugha ninayoota nayo. Redio hukupa mababu inaowajua yenyewe. Ila tangu siku ile siwezi tena kusema folki ni kitu cha majuu ambacho kijana wetu alikwenda kukiazima. Alikwenda kutafuta nafasi. Mtu na gitaa na hadithi walikuwa hapa kabla ya redio ya dada yake.

Juzi nilirudi kwa mathe na jibu. Nikamwambia: mkononi hakuwa na kitu. Kichwani alikuwa na nyimbo za miaka. Alikuwa pia na shangazi wa kumpokea, kadi aliyoipata kwa bahati, na miaka sita ya kuimbia watu wasiomjua.

Mathe akanyamaza kidogo. "Haya. Wewe una nini katika hivyo?"

Tukahesabu pamoja, mezani, bila hasira. Shangazi wa majuu, hakuna. Kadi, hakuna. Mimi niliacha mwaka wa tatu kwa sababu karo ilikwama, si kwa sababu nilisikia wito, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa sauti. Makala niliyoanza kuandika ni kumi na nne. Niliyomaliza ni matatu.

"Hili likiisha?" akauliza.

"Manne."

Akarudi kwenye sukuma yake. "Basi limalize."